Miguu ya Mbele ya Gari Kuukuu: Mwongozo kwa Wenye Magari na Mafundi wa Garissa, Wajir na Mandera

Kijitabu hiki ni cha nani

Kaskazini Mashariki, gari la miaka 30 au 40 si pambo. Linabeba maji, mbuzi, miraa, wagonjwa na watoto wa shule. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo Land Cruiser na Land Rover za zamani zilizobaki ni zile zile tulizo nazo. Anayetunza lake hapotezi pesa.

Tatizo ni pale mwenye gari anapotaka kuboresha miguu ya mbele, yaani springi, shokapu na usukani. Mara nyingi jambo la kwanza analomwambia fundi ni "liinue" au "ongeza springi". Ushauri wetu ni mmoja: rudisha kwanza kilichochakaa, kisha boresha, na usiinue gari bila sababu.

Fahamu kilicho chini ya gari lako

*Land Rover Series (1948 hadi 1985).* Ina ekseli moja nzima mbele, juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Koili zilikuja na Land Rover One Ten mwaka 1983.

*Toyota Land Cruiser 70.* Ilianza kuuzwa mwaka 1984. Zile za kazi nzito zilitumia springi bapa mbele hadi 1999, zilipobadilishwa kuwa koili. Nyuma zikabaki bapa. Springi za mbele za kabla na baada ya mwaka huo haziingiliani.

*Peugeot 504.* Ilitoka mwaka 1968, na ikashinda Safari Rally mwaka 1975. Kila gurudumu la mbele linajitegemea: koili na shokapu zimeunganishwa katika nguzo moja. Kinachosahaulika sana ni mpira na beringi ya juu ya nguzo hiyo, chini ya boneti.

Barabara inafanya nini

Kati ya Thika na Garissa ni lami, na mwendo huko ni mkubwa. Usukani uliolegea hujionyesha hapo: gari linatangatanga, au usukani unatetemeka mkononi. Ukielekea Dadaab na Liboi unakutana na mchanga, laga (mito ya msimu), na matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa gari zima.

Springi hubeba uzito. Shokapu huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga tuta. Kazi hiyo hugeuka joto ndani ya mafuta yake. Ukienda saa nzima juu ya matuta, juani, mafuta hupata moto, hutoa povu na shokapu hupoteza nguvu. Dereva anahisi gari linabonyea, anadhani springi zimekufa, na fundi anaongeza chuma kimoja au viwili. Sasa gari ni gumu mbele kuliko awali. Gurudumu linaruka badala ya kushika ardhi, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Pesa zimetumika, hatari imeongezeka, na shokapu iliyochoka bado iko pale pale.

Hatua ya 1: Kagua

Weka gari mahali pagumu na tambarare. Liinue kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Mchangani, weka ubao mpana chini ya jeki.

- Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, angalia kingpini au boljointi.
- Shika tairi kushoto na kulia. Mchezo hapa mara nyingi ni wa tairodi au sanduku la usukani.
- Tazama bushi zilizopasuka, sheko zilizolika, na chuma cha springi kilichovunjika. Nyufa nyembamba hujificha chini ya vumbi, safisha kwanza.
- Kagua chesi pale springi na sanduku la usukani vinaposhikiliwa. Gari lililotembea miaka mingi kwenye matuta hupasuka hapo.

Badilisha kilichochakaa; magari mengi hupona kwa hatua hii peke yake.

Hatua ya 2: Chagua springi kwa uzito halisi

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, gari likiwa tambarare. Andika vipimo. Upande mmoja ukiwa chini, springi zimechoka.

Springi ngumu za mbele zina maana kama kuna uzito wa kudumu: winchi, chuma kizito cha kinga, au injini nzito kuliko ya asili. Mzigo wa nyuma si sababu ya kukaza mbele. Nunua jozi, kamwe si moja.

Hatua ya 3: Weka shokapu zinazostahimili joto

Hapa ndipo pesa yako inafanya kazi zaidi. Tafuta shokapu yenye bomba nene lenye mafuta mengi, na yenye gesi ya naitrojeni inayopunguza povu. Urefu wake ulingane na springi: fupi mno itavutika hadi ing'oke, ndefu mno itagonga mwisho na kuvunjika. Badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja.

Hatua ya 4: Bushi na yuboliti

Bushi za mpira hupunguza mtikisiko. Za plastiki ngumu hudumu na kukaza usukani, lakini mchanga ukiingia hulia na kusaga chuma. Kwa gari la familia, mpira bora unatosha. Boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likining'inia, mpira hujisokota na kupasuka mapema. Yuboliti zikifunguliwa, weka mpya.

Hatua ya 5: Alaimenti

Baada ya kugusa springi, peleka gari likapimwe. Kuna pembe mbili za kuuliza: namna magurudumu ya mbele yanavyotazamana, na kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia linapokatwa kona. Kasta ikipungua, usukani haurudi wenyewe na ekseli inaweza kuanza kutetemeka kwa nguvu ukiwa mwendoni. Kuongeza shokapu ya usukani huficha mtetemo huo tu, hakuutibu.

Ukilazimika kuinua

Kwa gari la barabarani, usipite sentimita 5. Hata hapo, hakikisha:

1. paipu za breki ni ndefu za kutosha usukani ukikatwa hadi mwisho na gurudumu likining'inia;
2. pembe ya propela haijazidi;
3. kasta imerekebishwa;
4. taa za mbele zimeshushwa, zisimpofushe anayekuja;
5. dereva anajua kwamba gari refu hupinduka upesi zaidi kwenye kona na linapokwepa ngamia.

Mkatalie fundi mambo haya

- Kuchomelea springi iliyovunjika. Moto huondoa ugumu wa chuma, na kitakatika tena bila onyo.
- Kukata au kupasha moto koili ili gari likae chini.
- Kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele. Breki zikishikwa kwa nguvu, ekseli hujipinda juu ya vipande hivyo.
- Kuchomelea tairodi au sehemu yoyote ya usukani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake ni hatari kwa watu.  Kabla ya kubadilisha muundo wa gari, uliza ofisi ya NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, na uijulishe kampuni yako ya bima.

Baada ya kazi

Kaza upya yuboliti na boliti zote za mbele baada ya kilomita 500. Ukitoka lami kuingia matutani, punguza upepo wa tairi kiasi na uende polepole. Ukirudi lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Gari likipita kwenye maji ya mafuriko ya Mto Tana au laga iliyojaa, fungua beringi za mbele na uweke grisi mpya, kwa sababu maji na tope huingia.

Kabla ya kulipa

Mwombe fundi vipuri vya zamani uvione. Mwombe karatasi ya alaimenti yenye vipimo. Kisha mwende pamoja kulijaribu gari likiwa na mzigo unaobeba siku zote, kwenye lami na kwenye vumbi. Likienda upande mmoja unapokanyaga breki, au usukani ukitetemeka, kazi haijaisha.