Tuzo ya Hospitali Humsaidiaje Muuguzi Kubaki Kazini?

Muuguzi mzoefu akiacha kazi, pengo lake huonekana wadini usiku uo huo. Wenzake hugawana wagonjwa wake, na mgonjwa husubiri zaidi kupata dawa au kubadilishiwa bendeji. Wakenya wanalijua jambo hili. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Je, hospitali ifanye nini ili wauguzi wake wabaki?

Sumaku ya wauguzi

Mapema miaka ya 1980, Marekani ilikumbwa na uhaba wa wauguzi. Hata hivyo, baadhi ya hospitali hazikupungukiwa. Wataalamu wa uuguzi wakachunguza hospitali 163, na katika ripoti ya mwaka 1983 wakataja 41 zilizovuta wauguzi na kudumu nao. Waliziita Magnet, yaani sumaku.

Baadaye uchunguzi huo ulizaa mpango rasmi wa utambuzi. Hospitali ya kwanza kutambuliwa ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mwaka 1994. Utambuzi hudumu miaka minne, kisha hospitali hupimwa upya.

Kinachopimwa

Mambo makuu ni matano:

1. Uongozi unaosikiliza na kuleta mabadiliko.
2. Wauguzi kushirikishwa katika maamuzi na kupewa nafasi ya kujiendeleza kimasomo.
3. Huduma bora na ushirikiano mwema na madaktari.
4. Utafiti na mbinu mpya za kazi.
5. Matokeo yanayohesabika, kwa mfano idadi ya wagonjwa wanaoanguka wadini au kupata vidonda vya kulalia kitandani muda mrefu.

Matokeo yake

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha wauguzi zaidi ya 26,000 katika hospitali 567 za majimbo manne ya Marekani. Katika hospitali 46 zilizokuwa na utambuzi huo, uwezekano wa muuguzi kutoridhika na kazi ulikuwa chini kwa asilimia 18, na wa kuchoka kupindukia chini kwa asilimia 13.

Hata hivyo, si tafiti zote zilizoona tofauti. Aidha, mara nyingi hospitali inayoomba utambuzi tayari ina uongozi mzuri, na maombi yenyewe hugharimu fedha nyingi. Kwa hivyo cheti kilichotundikwa ukutani hakimbakishi mtu. Kinachombakisha ni mazingira ya kazi: wauguzi wa kutosha kila zamu, vifaa, na msimamizi anayesikiliza.

Tuzo ya mtu na tuzo ya hospitali

Mwaka 2022 muuguzi Anna Qabale Duba wa Kaunti ya Marsabit alishinda tuzo ya kimataifa ya Aster Guardians, yenye thamani ya dola 250,000 za Marekani. Ushindi huo uliipa taaluma nzima heshima. Lakini tuzo ya mtu mmoja haibadilishi ratiba ya zamu ya wenzake. Utambuzi wa hospitali hulenga jambo hilo hasa, kwa kuwa hupima mazingira ya wauguzi wote.

Funzo kwa kaunti

Tangu mwaka 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti. Wizara ya Afya nayo ina mwongozo wa ubora wa huduma, maarufu kama KQMH, unaohimiza vituo kuunda vikundi vya wafanyakazi vya kuboresha kazi. Vikundi hivyo vikikutana na mapendekezo yao kutekelezwa, muuguzi huona kwamba sauti yake ina uzito. Hilo linawezekana hata bila cheti cha ng'ambo.

Mkazi pia ana nafasi yake. Katika vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti, anaweza kuuliza: Wadi moja ina wauguzi wangapi kwa zamu? Wangapi wameondoka mwaka huu, na kwa nini? Wanaostahili kupandishwa vyeo wamepandishwa? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayoonyesha iwapo hospitali yake ni sumaku au ni njia ya kupitia tu.