Dondoo muhimu: Kukagua vifaa vya seva ya Linux kwa amri

Seva iliyokwisha kutumika ikiletwa Lubumbashi hukaguliwa kabla ya kulipiwa. Amri lscpu hutaja aina ya prosesa, soketi na kori. Idadi ya CPU inayoonekana juu huhesabu nyuzi pia, kwa hiyo 32 huweza kuwa kori 16 tu.

Jumla ya RAM hutolewa na free -h, lakini sudo dmidecode -t memory ina faida zaidi: huonyesha kila nafasi, ukubwa na kasi ya kadi iliyomo, na nafasi zilizo tupu.

Diski ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa. Baada ya lsblk kuziorodhesha, sudo smartctl -a /dev/sda husoma afya ya diski sda. Power_On_Hours (saa ambazo diski imewashwa) ya 43,800 ni miaka 5 ya kazi bila kuzimwa. Kwenye diski za NVMe, mstari Unsafe Shutdowns huhesabu mara umeme ulipokatika ghafla. Katika mji ambao umeme wa shirika la SNEL hukatika mara kwa mara, mstari huo usirukwe. Diski zilizo nyuma ya kadi ya MegaRAID husomwa kwa kuongeza -d megaraid,N, N ikiwa namba ya diski.

Smartctl hupatikana katika kifurushi smartmontools, ambacho mara nyingi husakinishwa kwanza.