Rangi Isiyoonekana: Maswali na Majibu Kuhusu Ufugaji wa Baji Nakuru

Kuanzia Njoro hadi Lanet, na ukiteremka hadi Gilgil na Naivasha, kizimba cha baji, yule kasuku mdogo wa kufugwa, kimekuwa jambo la kawaida barazani. Wengi hununua ndege wawili kwa ajili ya watoto, na kabla ya mwaka kwisha wanao kundi zima, pamoja na maswali yasiyojibiwa na mwuzaji. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Karibu yote huanza na rangi, hata pale ambapo shida yenyewe ni jike aliyechoka.

*Mwalimu, dume wangu ni wa kijani na jike pia ni wa kijani. Kati ya makinda matano, mmoja ametoka wa buluu. Jirani anasema lazima jike alipandwa na dume mwingine. Ni kweli?*

Si kweli, na jike huyo hana kosa lolote. Kinda wa buluu ni wa wazazi hao hao.

Kila baji ana jeni mbili zinazoamua kama atakuwa wa kijani au wa buluu: moja ameipata kwa baba, nyingine kwa mama. Jeni ya kijani hutawala na ya buluu hujificha. Ndege aliyepata moja ya kijani na moja ya buluu huonekana wa kijani kabisa, na hakuna jicho, hata la mfugaji mkongwe, linaloweza kumtofautisha na mwenye jeni mbili za kijani. Ndege wa namna hiyo tunamwita mbebaji.

Ndege wako wote wawili ni wabebaji. Kila mmoja alimpa kinda huyo jeni ya buluu, na kwa kuwa hakupata ya kijani kutoka upande wowote, buluu ikajitokeza. Kwa jozi kama hiyo, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kinda wa buluu. Nafasi hiyo huanza upya kwa kila yai, kwa hiyo usishangae mzao mmoja ukiwa wa kijani mtupu na unaofuata ukawa na buluu watatu. Katika makinda wa kijani wa jozi hii, kwa wastani wawili kati ya kila watatu ni wabebaji kama wazazi wao.

Ukitaka kujua kama ndege fulani wa kijani ni mbebaji, mwoanishe na wa buluu. Akitokea kinda mmoja tu wa buluu, umepata jibu. Wakitoka kumi mfululizo na wote ni wa kijani, karibu una hakika kwamba habebi. Buluu kwa buluu hutoa buluu peke yake. Mtu akikuambia jozi yake ya buluu imezaa kijani, mwulize nani mwingine anaishi kizimbani.

*Hiyo buluu ilitoka wapi, ikiwa baji wa mwituni ni wa kijani?*

Baji ni ndege wa Australia, na kule mwituni makundi yao ni ya kijani, yenye uso wa manjano na michirizi myeusi mgongoni. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alirudi Uingereza kutoka Australia na baji walio hai, na kutoka hapo wafugaji wa Ulaya wakaanza kuwazalisha. Buluu ilijitokeza Ubelgiji kabla ya karne ya 19 kwisha.

Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Katika unyoya wa baji hakuna rangi ya buluu hata chembe. Kuna weusi, na kwa ndege wa kijani kuna manjano. Buluu hutokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa ndani: vijitundu vidogo mno hutawanya mwanga na kurudisha mwanga wa buluu machoni mwetu. Okota unyoya wa buluu ulioanguka kizimbani, uusage kwenye kinu kidogo, na utaona buluu ikipotea, kwa sababu umevunja umbo lililoitengeneza. Manjano ikiwekwa juu ya buluu hiyo, tunaona kijani.

Kwa hiyo baji wa buluu hakuongezewa kitu; amepungukiwa na manjano. Mwaka 2017 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha chanzo chake: badiliko moja dogo katika jeni inayotengeneza kimeng'enya cha rangi ya manjano. Kimeng'enya hicho kikishindwa kazi, manjano haitengenezwi. Na ndiyo sababu buluu hujificha: nakala moja nzima ya jeni hiyo yatosha kumpaka ndege manjano mwili mzima.

*Nina wa kijani kilichokoza na mwingine wa rangi kama ya zeituni. Hao ni jamii nyingine?*

Ni baji wale wale, wakiwa na jeni ya kukoleza rangi, iliyojulikana Ulaya kuanzia mwaka 1915 kule Toulouse, Ufaransa. Hii haijifichi. Nakala moja humfanya wa kijani awe wa kijani kilichokoza; nakala mbili humfanya zeituni. Kwa wa buluu, moja hutoa kobalti na mbili hutoa rangi ya kijivu yenye zambarau ambayo wafugaji huiita movi. Ukioanisha zeituni na kijani cha kawaida, kila kinda atakuwa wa kijani kilichokoza. Hii ni mojawapo ya hesabu chache za rangi ambazo huwezi kukosea.

*Nilinunua dume wa manjano mwenye macho mekundu kwa bei ghali nikamwoanisha na jike wa kijani. Makinda wa manjano wote wamekuwa majike, na madume wote ni wa kijani. Nimepunjwa?*

Hukupunjwa. Umeona kwa macho yako jambo ambalo ningependa kila mfugaji alione.

Dume huyo tunamwita lutino. Jeni yake huzuia weusi, ndiyo maana hana michirizi na macho yake ni mekundu. Jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, na kwa ndege mambo ni kinyume na kwa binadamu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, Z na Z, na jike ana Z moja na W moja. W haibebi jeni hiyo. Kwa hiyo dume huhitaji nakala mbili ili awe lutino, na akiwa na moja ni mbebaji wa kijani. Jike ana nafasi moja tu: akiipata jeni ni lutino, akiikosa hana. Hakuna jike mbebaji wa lutino, na anayekuuzia jike wa kijani kwa ahadi kwamba amebeba lutino anakudanganya, au hajui anachouza.

Kila binti hupokea Z yake pekee kutoka kwa baba. Hapa baba ni lutino, basi mabinti wote ni lutino. Kila mwana wa kiume hupokea Z moja ya baba na moja ya mama. Ile ya mama inatosha kumfanya kijani, lakini amebeba. Faida yake ni kubwa: katika jozi hii unajua jinsia ya kinda tangu siku za kwanza, kabla hajaota hata unyoya, kwa kutazama macho chini ya ngozi. Macho mekundu ni jike, macho meusi ni dume.

Ukigeuza jozi, yaani jike lutino na dume wa kijani asiyebeba, hutapata lutino hata mmoja. Wana wa kiume watakuwa wabebaji, mabinti watakuwa wa kijani wasiobeba chochote. Wazazi wa rangi zile zile, matokeo tofauti kabisa. Jeni za opalini na sinamoni hufuata njia hii hii. Na jeni ya lutino ikikutana na buluu, manjano nayo haipo, unapata albino mweupe.

*Nitawatofautishaje dume na jike wengine?*

Tazama ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Kwa dume aliyekomaa ni ya buluu. Kwa jike ni nyeupe au ya buluu iliyofifia, na hugeuka kahawia akiwa tayari kutaga. Madume wa lutino na albino wanaweza kukupotosha kwa sababu ngozi yao hubaki ya waridi au zambarau maisha yote. Kinda ana michirizi kwenye paji la uso hadi mdomoni, nayo hupotea akibadili manyoya akiwa na miezi mitatu au minne.

*Baji wangu hutaga mfululizo mwaka mzima. Si ni bahati?*

Si bahati. Hapa ndipo wengi wa Nakuru wanapopoteza majike yao, nami nalisema bila kuuma maneno: jike anayetaga bila kupumzika anauawa polepole.

Australia, baji huzaliana mvua inaponyesha na mbegu za nyasi zinapojaa, kisha hungoja. Ulaya, mchana mfupi wa majira ya baridi huwapunguzia hamu. Nakuru iko karibu sana na ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili Januari, na ni saa kumi na mbili Julai. Chakula kipo kila asubuhi na kisanduku cha kutagia kiko wazi. Mwili wa ndege hausikii popote agizo la kuacha, kwa hiyo agizo hilo lazima litoke kwako.

Usimwoanishe jike kabla hajafikisha mwaka mmoja. Mruhusu alee mizao miwili kwa mwaka, basi. Hutaga mayai manne hadi sita, moja kila baada ya siku moja, na huyaatamia siku 18 akilishwa na dume. Makinda hutoka kisandukuni wakiwa na umri wa karibu mwezi mmoja na hulishwa na baba wiki nyingine moja au mbili. Mzao wa pili ukimaliza, ondoa kisanduku, usikifunge tu kwa kipande cha ubao, na watenganishe wazazi kwa miezi kadhaa.

Jike aliyeishiwa kalsiamu, hasa usiku wa baridi wa Julai, yai humkwama. Utamwona amejikunyata sakafuni, amevimba manyoya, anakaza nyuma. Mpeleke mahali penye joto na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho huwa amekwisha kufa. Kinga yake ni nyepesi: mfupa wa ngisi unaoletwa kutoka Pwani, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa, yawe kizimbani daima.

*Niwalishe nini, na baridi ya Molo niifanyeje?*

Mawele, wimbi na mtama mdogo ndio msingi; sukuma wiki, terere na karoti iliyokunwa kila siku kwa uchache. Avokado ni sumu kwao, usiwape hata kidogo. Kwa baridi, funika kizimba pande tatu usiku na ukiepushe na upepo. Jiko la makaa lisiingie chumba walimo ndege. Moshi wake na hewa yake ya sumu huua baji upesi kuliko binadamu, na hata binadamu huua.

*Kuna kasuku wadogo wa rangi nyingi kando ya Ziwa Naivasha. Naweza kuwakamata nikawachanganya na baji wangu nipate rangi mpya?*

Hapana, kwa sababu zaidi ya moja.

Wale ni lavubadi, ndege wa Afrika, na hawazai na baji. Hata hivyo historia yao inatuhusu. Naivasha kuna lavubadi wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, na lavubadi wa kola ya manjano, mwenye kichwa cheusi. Kwao wote wawili ni Tanzania, na kwa asili kila mmoja ana eneo lake. Waliletwa Kenya na watu, wakatoroka au wakaachiliwa, wakakutana kwenye migunga ya ziwani na kuzaa chotara. Leo utawaona wenye vichwa vya kahawia visivyo vya mmoja wala mwingine. Machotara hao wanazaa wenyewe, na mchanganyiko huo hakuna anayeweza kuurudisha nyuma.

Baji wa buluu na wa kijani ni spishi moja, kwa hiyo kuwachanganya hakuharibu kitu. Kuachilia ndege wa kigeni mwituni ni jambo jingine. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 pia hairuhusu kukamata ndege wa porini bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Ukichoka kufuga, tafuta wa kumpa. Usifungue mlango wa kizimba.

*Nataka kuanza upya vizuri. Ninunue jozi gani?*

Usinunue jozi. Nunua dume kwa mfugaji mmoja na jike kwa mwingine, kwa sababu wawili waliotoka kizimba kimoja huenda ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu wakizaliana vizazi kadhaa utaona mayai yasiyoanguliwa na makinda dhaifu. Chagua kifua kipana, macho maangavu na miguu safi kwanza, rangi baadaye.

Kisha fungua daftari. Andika tarehe ya kila yai, rangi ya baba na mama, rangi ya babu na bibi ukizijua, na namba ya pete ya kila kinda, uliyomvisha akiwa na umri wa karibu wiki moja. Katika miaka ya 1920, kule Bremen, Ujerumani, Hans Duncker alizifumbua sheria nyingi za rangi za baji kwa njia hiyo hiyo: jozi zilizopangwa na kumbukumbu zilizotunzwa, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuweza kusoma jeni. Anachokibeba ndege wako hakiko kwenye manyoya yake. Kiko kwenye ukurasa wa wazazi wake, na kama haukuandikwa, kimepotea. Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeuza baji, Nakuru na kwingineko: mpe mnunuzi nakala ya ukurasa huo pamoja na ndege.