Moto wa Mapema na Moto wa Kuchelewa

Wengi hudhani moto wa pori ni mmoja, ukiwaka Juni au Oktoba. Sivyo. Karibu na Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, mabwana miti walianza mnamo mwaka 1933 kulipima jambo hili katika msitu wa miombo. Sehemu moja ilichomwa mapema, nyasi zingali na umajimaji. Ya pili mwisho wa kiangazi. Ya tatu haikuchomwa kabisa. Penye moto wa kuchelewa miti ilikufa kidogo kidogo, na machipukizi yaliungua kabla hayajapata kimo, hata nyasi zikatawala. Penye moto wa mapema msitu ulidumu. Pasipochomwa pakasongamana vichaka.

Sababu ni hii: mwisho wa kiangazi nyasi ni kavu kabisa, nayo miombo imekwisha kutoa majani machanga, basi moto mkali huikuta miti katika udhaifu wake.

Siku hizi elimu hii yapatikana hata kwa intaneti. Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, huwafundisha hivyo watu walio kazini, wasiache kazi zao. Lakini twaona mwanafunzi wa namna hiyo hana budi kutoka akatazame nyasi za kwao, kwani mwezi ufaao Ndola huenda usifae kwingine.