KOMPYUTA INAPOKUKATALIA KUINGIA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za kompyuta mpakato za shule: kwa nini mara nyingine humkatalia mtu mwenye haki ya kuingia, na jinsi zinavyotakiwa kutunzwa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hufundisha nusu tu.

Ilikuwa siku ya pili baada ya likizo. Kompyuta zilikuwa zimekaa kabatini muda wote bila kuchajiwa. Kazi za Kidato cha Nne zilikuwa zimehifadhiwa katika seva, nazo zilitakiwa kumalizwa juma lile lile. Kompyuta saba zikakataa. Kila mwanafunzi aliandika jina lake na neno lake la siri, na kila mmoja akarudishwa mlangoni. Mimi nikakasirika. Nilidhani kijana aliyekuwa mtunza kabati amechezea maneno ya siri ya wenzake, nikamnyang'anya ufunguo mbele ya darasa zima. Hakunijibu neno.

Jioni akanifuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Naomba uje usome kile kioo, Mwalimu. Hakisemi kwamba neno la siri si sahihi. Chasema wakati haulingani."

Nikaenda. Ilikuwa kweli. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, mistari miwili, nami nilikuwa nimesoma wa kwanza tu. Nikatazama chini pembeni mwa kioo: kompyuta ile ilidhani kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2015!

Sasa utauliza, saa ina shauri gani na kuingia? Fikiri habari ya tiketi. Tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msafiri amejua kwamba tiketi ya jana haimpandishi katika gari la leo. Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo. Katika shule nyingi na ofisi nyingi, seva hutumia utaratibu uitwao Kerberos, uliotengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Ukitaja jina lako na kuthibitisha neno lako la siri, seva hukupa tiketi yenye saa juu yake, ili mwizi akiiba tiketi ya zamani isimfae kitu. Kwa kawaida saa ya kompyuta na saa ya seva zisipitane zaidi ya dakika 5. Yetu ilikuwa nyuma kwa miaka mingi!

Sababu yake ni ndogo kama sarafu. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo inayoendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Betri hiyo ikichoka, na ile kubwa nayo ikaisha, saa husahau yote na kurudi mwanzo. Tulirekebisha tarehe, kompyuta zikafunguka, na baadaye betri zile ndogo zikabadilishwa.

Kwa hiyo, kompyuta ikikukatalia, fuata hatua hizi kwa taratibu.

Kwanza, soma maandishi yote mpaka mwisho, na uyaandike daftarini.

Pili, uliza: ni kompyuta moja tu, au zote? Zikiwa zote, kosa haliko kwako. Tazama seva, ruta, waya na umeme.

Tatu, tazama kama kompyuta imepata namba yake ya mtandao. Namba ikianza na 169.254, mara nyingi maana yake ni kwamba iliomba namba na haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Nne, tazama tarehe, mwaka na saa.

Tano, tazama jina na neno la siri. Je, kitufe cha herufi kubwa kimewashwa?

Sita, usibahatishe mara nyingi. Seva nyingi hufunga jina la mtu baada ya makosa kadhaa, na hapo shida moja huwa mbili. Mwite msimamizi.

Ama kuhusu utunzaji, sisi wa Uyui tusihitaji kufundishwa na watu wa mbali. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ilikuwa na desturi zake: mzigo ulihesabiwa, na kila mpagazi alijua ulio wake. Kompyuta nazo ziwe hivyo. Kila moja iwe na namba, na daftari lioneshe nani aliichukua, lini, na ilirudi katika hali gani. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia, wala wawili wasitumie moja. Neno la siri la msimamizi lisiwe la darasa zima. Mtu akihama shule, jina lake lifungwe. Na wakati wa likizo kompyuta zitolewe kabatini, zichajiwe, na saa zitazamwe. Walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 nao wafuate kanuni hizo hizo.

Wazazi, mwana wenu akikataa kumpa rafiki yake neno la siri, msimwone mchoyo. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikamwomba radhi yule kijana, nikamrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda kufungua kabati. Mimi nimejifunza kwamba mashine ikikataa, yafaa kuichunguza mashine kwanza kabla ya kumshtaki mtu.