Ukitoka Nasi Kutazama Ndege: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kanuni hizi ni za matembezi yetu katika msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Zinamhusu mgeni na mwanachama wa miaka ishirini sawasawa.

Fika saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne msitu umenyamaza, na aliyechelewa hatumngojei.

Vaa rangi ya udongo au majani makavu, na suruali uichomeke ndani ya soksi, maana siafu na kupe wapo. Usivae nyeupe. Usivae mabaka ya kijeshi: sheria ya Kenya inamkataza raia, na utatuponza sote.

Usijitenge na kundi. Arabuko-Sokoke ina ndovu, nao hutembea kimya kuliko sisi.

Usimwite ndege kwa mlio wa simu. Hili nalisema kwa uchungu. Nimeshuhudia watu wakimchezea bundi mdogo wa Sokoke mlio wa kabila lake usiku, wakirudia na kurudia, ili tu wapate picha. Bundi huyu hazidi kiganja na vidole vya mtu mzima. Akisikia mlio ule huamini mwenzake amevamia makao yake: huacha kuwinda, hujitokeza peupe, hujibu mpaka achoke. Duniani kote anajulikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya na vilima vya Usambara Mashariki, Tanzania. Msikilize akilia mwenyewe. Asipolia, rudi nyumbani.

Wala usiseme "bundi ni mkosi" mbele ya watoto tunaokuja nao. Mtoto aliyeambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa analeta msiba ndiye kesho atakayeokota jiwe.

Mida, uliza maji kwanza. Yakipwa, ndege wametawanyika mbali matopeni; yanapojaa ndipo husogea karibu na mikoko. Simama, waache waje. Usiwarushe kwa ajili ya picha, hasa Machi na Aprili, wanapojinenepesha kwa safari. Vitwitwi wengine wanakwenda mpaka Siberia. Yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, huko Oman na pwani za Ghuba. Kila unapomrusha unamfanya atumie mafuta aliyojiwekea kwa safari.

Andika ulichokiona tu: idadi, mahali, saa. Ukiona mnana usiyemtambua, andika "mnana, sikumtambua". Mnana wa Clarke alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini viota vyake havikujulikana mpaka 2013, katika vinamasi vya Dakatcha. Kwa ndege anayejulikana kidogo hivyo, jina moja la kubahatisha humpotosha kila atakayelisoma daftari lako.

Ukikuta kiota, rudi nyuma. Usikate tawi linalokifunika. Usitume mahali kilipo kwenye kundi la WhatsApp, hata la jamaa zako.

Ukipita shambani, piga hodi. Mwongozaji wa kijijini mlipe mlichopatana, siku hiyo hiyo.

Atakayevunja kanuni ya simu au ya kiota hatachukuliwa safari inayofuata, hata kama ameshalipa.