SOMO LA MWEZI: BOLTI MOJA ILIYOVUJA

Wengi mmetuuliza kwa nini pikipiki ya kanisa ilikaa chini ya mwembe wiki sita. Michango yenu ndiyo iliyoinunua, kwa hiyo mna haki ya kujua.

Tatizo lilianza dogo sana. Kila asubuhi tulikuta doa la oili chini ya injini, ukubwa wa sarafu. Ilitoka kwenye bolti ya kumwagia oili, ile iliyo chini kabisa. Fundi yupo sokoni, mwendo wa nusu saa, lakini tuliona haya kumlipa mtu kwa kukaza bolti moja. Sisi tuliosoma chuo cha Biblia wakati mwingine tunadhani tumesoma kila kitu.

Tukaazima spana, tukakaza. Doa likabaki. Tukachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, tukasukuma watu wawili. Ghafla bolti ikawa nyepesi, ikazunguka bila kushika.

Bolti ile ni ya chuma, lakini tumbo la injini ni la aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Ukikaza kupita kiasi, zinazolika ni nyuzi za ndani ya tundu. Na kumbe bolti haikuwa imelegea. Kilichochakaa ni washa, kile kipete chembamba kinachokaa kati ya bolti na injini. Washa huziba kwa kubonyea, na ikishabonyea sana haizibi tena, hata ukaze vipi. Ni kitu cha bei ndogo mno.

Tungeishia hapo, ingekuwa afadhali. Tulizungushia bolti kipande cha mfuko wa plastiki, tukapanda kwenda kumchukua mama mmoja mgonjwa. Njiani bolti ikadondoka. Injini ndogo kama ile hubeba karibu lita 1 tu ya oili. Ikimwagika, vyuma husagana vikavu. Ikalia vibaya, ikanoki. Mama yule alifikishwa zahanati kwa baiskeli, amechelewa saa mbili. Amepona, tunamshukuru Mungu. Tulikwenda kumwomba radhi yeye na mumewe.

Fundi hakutucheka. Alipanua tundu, akakata nyuzi mpya, akaweka bolti nene zaidi na washa mpya. Hilo lilikuwa jepesi. Pistoni na silinda ndizo zilizokula sadaka ya Jumapili tatu, na tunajua wengine mliitoa kwa kuuza mahindi ya mgao.

Mwenye pikipiki akiona doa kama lile, kwanza apime oili kwa kijiti chake na kuongeza iliyopungua. Tone dogo linaweza kusubiri fundi. Kila oili inapobadilishwa, washa nayo ibadilishwe. Bolti ianze kuingizwa kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana fupi imalizie kidogo.

Spana tumemrudishia mwenyewe. Lile bomba sasa ni nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.